Umefukuzwa kazi serikalini? Usikimbilie CMA

Nimekuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye halmashauri hapa Tanzania, na karibu kila mtumishi aliyepokea barua ya kufukuzwa alikuja na swali moja: "Niende CMA lini?", yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Ndugu yangu, usiende kwanza. Tangu 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka mtumishi amalize njia zote za sheria hiyo kabla ya kugusa sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Shirika la Posta, ikasema hata watumishi wa mashirika ya umma wamo. Namkumbuka dada mmoja muuguzi aliyeshinda CMA akashangilia na watoto wake. Mahakama Kuu ikafuta mwenendo wote kwa sababu alianzia pasipostahili, na muda wa rufaa ulikuwa umeshapita zamani. Iliniuma sana, maana hoja zake zilikuwa nzito.

Rufaa yako inakwenda Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45. Usiporidhika, unakata rufaa kwa Rais. Baada ya hapo ndipo unaomba Mahakama Kuu kibali cha mapitio, yaani ikague jinsi uamuzi ulivyofikiwa, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi unaoupinga.

Huko mahakamani wengi hushangaa. Jaji hapimi upya kama fedha uliila au hukuila. Anaangalia: aliyekufukuza ndiye mamlaka yako ya nidhamu? Ulipewa hati ya mashtaka inayoeleweka? Kamati ya uchunguzi ilikuita, ukawasikia mashahidi na kuwahoji? Haki ya kusikilizwa imo kwenye Katiba, Ibara ya 13(6)(a), na hapo ndipo waajiri wengi huteleza, hasa wakiwa na hasira au haraka.

Kwa hiyo kesi inajengwa siku ile ile unapopewa hati ya mashtaka. Jibu kwa maandishi, hata kama bosi anakwambia "yataisha tu". Utetezi upeleke masjala, ugongewe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Barua ya mwito ikichelewa, andika tarehe uliyoipokea na usaini mbele ya mtu. Ukinyimwa nyaraka, ziombe kwa barua.

Nakala zote zikae nyumbani, hata baada ya kushinda: uamuzi ukitenguliwa kwa kasoro za utaratibu, mamlaka inaweza kukushtaki upya.