Je, korongo nyangumi anaweza kufika mlango wa mto Ruvu?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi naongoza wageni kwa boti kutoka Bagamoyo hadi mlango wa mto Ruvu. Juzi mgeni mmoja alipiga picha ya ndege mkubwa wa kijivu, mdomo mnene, amesimama pembeni ya mikoko bila kutikisika. Wenzangu wanasema ni korongo nyangumi na tayari wameanza kumnadi kwa wageni. Anaweza kweli kufika huku? Kama hawezi, ni kwa nini, wakati matope na samaki tunavyo tele? Halafu nimesikia kwamba huwamwagia watoto wake maji. Ni kweli, au ni hadithi za kuwafurahisha watalii?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha yako nimeikuza mpaka ikaanza kupasuka, na huyo ni mwari. Ni yule mwari wa kijivu hafifu mwenye mgongo unaoelekea waridi. Amelaza mdomo kifuani, na ukimwona kwa mbali unadhani kichwa chote ni mdomo. Angalia miguu yake: ni mifupi, na vidole vimeunganishwa kwa ngozi. Korongo nyangumi ana miguu mirefu myeusi na vidole vilivyoachana. Kidole cha kati peke yake kinazidi sentimita 16, ndiyo maana anaweza kusimama juu ya majani yanayoelea asizame. Mdomo wake una urefu wa sentimita 20 hivi, una mabaka, na ncha yake imepinda kama ndoana.

Wenzako usiwacheke sana, lakini. Wamekosa ndege ila wamepata ukoo. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba ndugu wa karibu wa korongo nyangumi ni mwari na fundichuma, si makorongo.

Sasa hilo swali la "kwa nini", ambalo ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu. Watu wengi hudhani ndege huyu anafuata samaki wengi. Anachofuata ni maji yenye hewa kidogo. Kwenye kinamasi cha mafunjo, majani yanayokufa huoza chini mwaka mzima, na vijidudu vinavyoyaozesha hutumia oksijeni iliyomo majini. Mafunjo yenyewe yanazuia upepo, kwa hiyo maji hayachanganyiki wala hayapati hewa mpya. Samaki wa kawaida hawezi kuishi humo. Wanaobaki ni wale wanaoweza kuvuta hewa ya juu, hasa kambaremamba, ambaye ana mapafu na akizuiwa kuibuka hufa maji, samaki mzima na mapezi yake. Kambare naye ana kiungo cha kupumulia juu ya matamvua. Huyo unamjua: nenda sokoni umwone kapuni, saa nyingi zimepita tangu avuliwe na bado anafungua mdomo.

Samaki wa namna hiyo lazima apande juu, apende asipende. Korongo nyangumi anajua hilo, kwa hiyo hahangaiki kutafuta. Anasimama penye upenyo kati ya majani, mara nyingi kwenye njia iliyofunguliwa na viboko, mdomo ameuelekeza chini, na anangoja. Samaki akiibuka kuvuta hewa, ndege hanyooshi shingo na kudonoa kama yangeyange. Anajiangusha mzima mzima, kichwa, kifua na mabawa, majini. Akiinuka mdomo umejaa samaki, majani na matope kwa pamoja. Hapo huuchezesha mdomo taratibu upande huu na ule mpaka majani yaanguke, na kingo zake kali mara nyingi hukata kichwa cha samaki kabla hajammeza.

Ukiyaelewa hayo, utaona kwa nini Ruvu yako haimfai. Pale mlangoni bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Maji yanasukumwa, yanachanganyika na chumvi, yanapata hewa. Mkizi wako hana haja ya kuja juu kupumua. Mwari anaweza kumkimbilia na kumchota, lakini anayewinda kwa kungoja atalala njaa. Juu zaidi mtoni yako mabwawa ya maji baridi, najua utaniuliza, ila ndege huyu anataka kinamasi kikubwa kisichokauka, tena chenye utulivu, na jozi moja haipendi jirani karibu.

Hapa Tanzania makao yake yako magharibi, kwenye vinamasi vya Moyowosi na Kigosi. Hivyo ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Nje ya nchi yuko Sudan Kusini, Uganda, Kongo na Zambia. Mgeni mwenye haraka mwelekeze Mabamba, Uganda, si mbali na Entebbe. Moyowosi inataka mtu mwenye muda na gari la nguvu.

Kuhusu kumwaga maji: ni kweli kabisa. Tago lake liko wazi juani, juu ya majani yanayoelea. Joto likizidi, baba au mama huchota maji kwa mdomo na kuyamimina juu ya mayai au makinda, mara kadhaa kwa siku. Wazazi wote wawili hufanya kazi hiyo, na pia huleta majani mabichi yenye maji na kuyapanga kuzunguka mayai. Yeye mwenyewe hujipoza kwa njia isiyo na heshima sana: hujinyea miguuni, unyevu ukikauka damu inapoa. (Hilo wageni hulipenda kuliko yote, niamini.)

Hutaga mayai mawili kwa kawaida, wakati mwingine moja au matatu, na huyaatamia kwa mwezi mmoja hivi. Karibu kila mara hukua kinda mmoja tu. Mkubwa humdonoa mdogo na kumnyima chakula, na wazazi hawaingilii. Kinda huyo hukaa zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuruka, na hapo ndipo watu humkuta: wafugaji wakichoma mafunjo, au wezi wanaotaka kumuuza kwa wafugaji wa ndege wa nchi za nje. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na bila kibali halali ni magendo.

Kwa sasa waambie wenzako wafute hilo tangazo. Mwari wanaye, na akipatikana amekaa kwenye fungu la mchanga maji yakijaa, zima injini mapema umsogelee kwa kasia. Akianza kuinua mdomo kutoka kifuani, umeshamkaribia kupita kiasi.