Gluteni: nani aiogope, nani aendelee na chapati yake

Naona "haina gluteni" imeandikwa kwenye pakiti za biskuti supamaketi, utadhani ni sumu. Gluteni ni nini hasa? (Msomaji, Dodoma)

Ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika, na mkate ukiumuka usisinyae. Jaribu kusukuma chapati kwa unga wa mahindi mtupu utaelewa kazi yake. Watu wengi huila maisha yao yote na haiwadhuru.

Nikila chapati au maandazi tumbo linajaa gesi. Rafiki yangu alinishauri niache ngano. Nimeacha mwezi mzima na nina nafuu. Je, nina ugonjwa wa seliaki? (Dada wa Arusha)

Nafuu yako siipingi, dada, lakini peke yake haithibitishi kitu. Ngano huweza kumsumbua mtu kwa njia tatu, na kila moja ina mambo yake.

Seliaki ni pale kinga ya mwili inapokutana na gluteni ikageuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Sehemu inayofyonza virutubisho huharibika, na ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, au mifupa dhaifu, hata kama tumbo halimsumbui kabisa. Mzio wa ngano ni kitu kingine: huja upesi, ndani ya dakika au saa chache, kwa vipele, midomo kuvimba, wakati mwingine kubanwa pumzi. Njia ya tatu ni tumbo kukataa ngano bila seliaki wala mzio. Hapo mara nyingi mkosaji si gluteni, bali aina ya wanga iliyomo kwenye ngano, ambayo imo pia kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Na maandazi, tusisahau, yamelowa mafuta.

Kinachonisikitisha ni kwamba umeacha ngano kabla ya kupima. Kipimo cha damu cha seliaki hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo kinga ya mwili hutengeneza katika shambulio hilo, na kingamwili hizo hupungua mtu akiacha gluteni. Ukipima leo unaweza kuambiwa uko salama na kumbe sivyo. Zungumza na daktari. Huenda akakutaka urudie kula ngano katika mlo zaidi ya mmoja kila siku kwa wiki 6 hivi, ndipo upime. Damu ikionyesha dalili, kwa kawaida mtu mzima huingizwa kamera tumboni na kuchukuliwa vipande vidogo vya utumbo vikachunguzwe. Kabla ya kufunga safari, piga simu uulize kama maabara yao inafanya kipimo hicho. Si kila mahali kipo.

Huu si ugonjwa wa Wazungu tu? (Msomaji, Kisumu)

La. Duniani huwapata takriban mtu 1 kati ya 100, lakini watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, walipopimwa ilikutwa zaidi ya 5 kati ya 100, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999. Wasahrawi ni Waafrika wenzetu. Ugonjwa unahitaji vinasaba fulani pamoja na gluteni mezani, na ngano siku hizi iko kila duka la mtaani.

Mwanangu wa miaka miwili anaharisha mara kwa mara na uzito hauongezeki. Nimwondolee ngano? (Mama wa Morogoro)

Usimwondolee kwanza, mama. Mpeleke kituo cha afya akaangaliwe minyoo, vimelea vya tumbo na lishe yake kwa jumla, maana hizo ndizo sababu za kawaida. Akitibiwa na hali isibadilike, mtajie daktari seliaki wewe mwenyewe. Nenda na pakiti ya unga wake wa uji pia; unga mwingi wa lishe una ngano ndani.

Kwa kweli ni watoto waliofumbua fumbo hili. Daktari Mholanzi Willem Dicke alikwisha kuishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakati wa njaa ya 1944–45 mkate uliadimika Uholanzi, na wagonjwa wake wadogo wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena.

Nataka kupunguza uzito. Vyakula visivyo na gluteni vitanisaidia? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Biskuti isiyo na gluteni bado ni biskuti, na bei yake ni juu.

Nimethibitishwa nina seliaki. Nitakula nini? (Msomaji, Unguja)

Pole, lakini umezaliwa pazuri. Wali, muhogo, ndizi, viazi, mahindi, mtama, uwele, ulezi na kunde zote ni halali yako. Vitumbua na mkate wa kumimina vya mchele, kula. Mofa ya mtama pia, ukishauliza kama haikuchanganywa ngano.

Hatari iko kwenye vilivyojificha. Urojo huwekwa unga wa ngano. Bokoboko ni ngano yenyewe. Bajia za kunde hazina neno, ila zikikaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa, ziache. Kinu nacho kikisaga ngano ya jirani kabla ya mtama wako, unarudi nyumbani na vyote viwili. Hili ni la maisha. Kidonge cha kuliponya hakijapatikana.

Mimi ni Mkatoliki na nina seliaki. Komunyo je? Na mbege? (Kaka wa Moshi)

Barua ya Vatikani ya 2017 ilikumbusha kwamba hostia, yaani mkate wa ngano wa komunyo, isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa. Unaweza pia kupokea divai peke yake. Mwone paroko kabla ya misa akuwekee kikombe cha pembeni, kwa sababu kwenye kile cha altareni padre hutumbukiza kipande cha hostia. Mbege ya ndizi na ulezi haina gluteni. Bia za kiwandani zinazotokana na kimea cha shayiri zinayo.