Ingia Katikati ya Shamba la Mahindi Kabla ya Kupiga Dawa

Tangu viwavijeshi vamizi waliporipotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya kuonekana Afrika Magharibi, nimeona wakulima wengi wakipiga dawa kwa kutazama tu mistari ya mahindi iliyo kando ya njia. Ushauri wangu, unaotokana na kukagua mahindi yangu na ya majirani kwa misimu kadhaa, ni kwamba dawa ipigwe baada ya kuhesabu, na kuhesabu kufanyike ndani ya shamba.

Huanza ukaguzi wiki moja baada ya mahindi kuota na kuurudia angalau kila wiki, asubuhi na mapema, kabla jua kali halijawafanya viwavi wajifiche. Huruka mistari michache ya pembeni, kisha hupita shambani kwa umbo la herufi W na kusimama mahali patano, kila mahali nikikagua mimea 20 inayofuatana bila kuchagua iliyodhoofika. Kwa kuwa jumla ni mimea 100, idadi ya iliyoshambuliwa ndiyo asilimia yenyewe.

Kinachohesabiwa ni shambulio bichi. Majani yenye vidirisha vyeupe vinavyopitisha mwanga huonyesha viwavi wadogo, na hapo ndipo dawa hufanya kazi vizuri; matundu makubwa yenye kinyesi kibichi mithili ya unga wa mbao huonyesha kiwavi mkubwa aliyejificha ndani ya moyo wa mmea, ambako dawa humfikia kwa shida. Matundu ya zamani, ilhali majani mapya yanachomoza safi, siyahesabu kabisa. Fungua moyo umtazame mdudu mwenyewe: kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne meusi yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia, jambo linalomtofautisha na funza wa mabua.

Mahindi yakiwa machanga, hupiga dawa pale mimea iliyoshambuliwa inapofika takriban 20 kati ya 100. Yakiwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele, yaani maua ya kileleni, huvumilia hadi 40. Mbelewele zikishatoka sipigi, kwa sababu faida ni ndogo na mpigaji, akiwa amezidiwa kimo na mimea, hujimwagia sumu mwilini.

Magonjwa hukaguliwa katika mzunguko huohuo. Milia myembamba ya njano iliyokatikakatika, inayofuata urefu wa jani, ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na wadudu wadogo warukao, na hakuna dawa itakayouponya mmea huo. La kuogopwa zaidi ni majani kuwa na rangi ya njano na kukauka kuanzia kingoni, dalili za ugonjwa wa virusi uliogunduliwa Bomet, Kenya, mwaka 2011. Ukiziona, mwite afisa ugani athibitishe, ng'oa mimea iliyougua, na msimu unaofuata panda maharage au viazi katika kipande hicho.