Jibu: Laptopu ikiibiwa botini, paswedi ya Windows inatosha?

Haitoshi ndugu yangu. Ile paswedi inazuia kuingia Windows tu, mtu akifungua skrubu za chini akatoa diski akaichomeka mashine nyengine, mafaili yako ya ofisi anayasoma yote kama diski haijasimbwa, yaani haijageuzwa fumbo lisilosomeka. Kama una Windows Pro washa BitLocker, kifaa cha Windows cha kusimba diski, hapo diski nzima inasimbwa kwa AES (njia ya kusimba data) na bila ya ufunguo haambulii kitu. Ila ule ufunguo wa akiba wa tarakimu 48 tafadhali sana uprinti uuweke nyumbani, maana siku mashine ikiuuliza na huna, hata fundi wa Darajani hakusaidii. Na ukipanda boti izime kabisa, ikiwa imewaka na ushaingia basi mafaili yako wazi. Flashi nayo uisimbe peke yake, faili ukilikopi huko linatoka bila ya kinga.