Miche ya usharika inakauka kila mwaka: jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini miche mliyopanda na mgeni rasmi, fulana mpya na picha nyingi imekauka karibu yote. Pili, kama kanisa lina sababu ya kujiingiza kwenye mazingira wakati serikali ipo. Halafu mchangiaji mmoja akadakia kwamba haya ni mambo ya wafadhili tu. Mimi nipo kwenye kamati ya mazingira ya usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku mlimani Kilimanjaro, nitajibu kwa tuliyoyaona.

La wafadhili nalimaliza haraka. Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini "ailime na kuitunza", na sijui mfadhili gani aliandika hilo. Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli, kiongozi wa Waorthodoksi, aliitenga Septemba 1 kuwa siku ya kuombea uumbaji tangu 1989. Wakatoliki wana Laudato Si', waraka wa Papa Fransisko wa 2015 kuhusu kutunza mazingira. Kwetu Askofu Fredrick Shoo watu wamemzoea kwa jina la askofu wa miti. Na kabla ya hao wote wazee wa Kichagga walichimba mifongo, ile mifereji ya asili ya maji, wakaweka zamu na faini kwa anayeiharibu.

Sasa miche. Wengi wanasingizia kiangazi. Kwetu kilichoua mingi ni mundu. Ng'ombe wetu ni wa ndani, kwa hiyo akina mama wanakata majani alfajiri popote yalipo. Mche wa goti moja ukiwa katikati ya majani unaondoka nayo, wala aliyekata hana habari. Dawa yake haikuwa semina. Tulisimika vigingi virefu, tukawaita wakata majani wenyewe wachague pa kupanda, maana wao ndio wanaojua wapi hawapiti.

Jambo la pili ni mwenye mche. Mti wa usharika ni wa kila mtu, yaani hauna mtu. Tukaacha kupanda kwa mkutano, tukapitisha kazi kwenye njia ambazo kanisa linazo tayari. Mwanafunzi wa kipaimara anapewa miche yake mwaka wa kwanza wa mafundisho, na mzee wa kanisa wa mtaa wake anaikagua kabla hajabarikiwa. Jumuiya za nyumba kwa nyumba zinamwagilia kwa zamu, na zamu inasomwa pamoja na matangazo ya ibada. Kilichonishangaza zaidi ni mnada. Unajua baada ya ibada tunavyonadi ndizi, mayai na kuku wa sadaka. Siku moja mtu akatoa miche ya mringaringa, ikanadiwa ikapanda bei hadi watu wakacheka. Ile miche ipo mpaka leo. Mtu aliyeshindana na jirani yake mbele ya usharika mzima haachi mche ufe.

Miti gani? Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, watu wanataka mringaringa kwa mbao na mruka kwa kivuli cha kahawa. Kwenye vyanzo vya maji pandeni mikuyu na misesewe. Msesewe ulipotajwa kwenye kikao wazee waliangaliana, maana magome yake ndiyo yanayoingia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Mchungaji akainamia daftari lake, tukaendelea.

Palipotusumbua kweli ni ardhi ya kanisa lenyewe. Juu ya chemchemi yetu kulikuwa na shamba la mikaratusi ya usharika, na mhazini alikuwa ameshaihesabu kama paa la kanisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za binadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na sisi tulikuwa tunawahubiria wakulima hilo huku tukiwa na mikaratusi yetu pale pale. Baraza la wazee liligawanyika. Mwisho likakubali ivunwe kwa awamu, kwa kibali, fedha ziende kwenye paa kama ilivyopangwa, lakini machipukizi yang'olewe na nafasi ijazwe miti ya asili. Kung'oa machipukizi ni kazi chafu, mkaratusi haukubali kufa. Siwezi kusema chemchemi imerudi kama wazee wanavyoisimulia. Ila tangu siku hiyo mkulima tukimwambia aondoe mikaratusi yake mtoni, hatujibu tena swali la "na ya kwenu je?"

Msifanye peke yenu pia. Chini yetu kuna parokia ya Wakatoliki na msikiti, wote wanatumia maji ya mfongo huo huo. Siku ya kusafisha mfongo tunatoka wote, na shehe ndiye anayewahi kufika.

Kwa hiyo msimu huu msialike mgeni rasmi. Anzeni kitalu mapema, viriba vijazwe udongo wa msituni na samadi, miche ipandwe mvua za masika zikishashika vizuri. Na kabla ya hapo chukueni futi kamba, mpime mita 60 kutoka kwenye chanzo kilicho karibu na kanisa lenu, muone ni mashamba ya nani yameangukia ndani. Ikiwa la kanisa limo, kikao cha kwanza ni cha baraza la wazee.