Boksi la diski nne: RAID usiiachie boksi

Ndugu, umeuliza ununue boksi gani la kuwekea diski. Kwa diski zako nne za terabaiti 4 na kompyuta moja tu nyumbani, chukua boksi la USB la kawaida, lile linaloonyesha kila diski peke yake. Maboksi yenye RAID ndani (RAID ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) yana bei, na likifa boksi lenyewe, mara nyingi utatafuta jingine la aina ileile ndipo data zisomeke. Kwenye Linux RAID unaifanya kwa programu iitwayo mdadm. RAID 5, aina inayovumilia diski moja kufa, itakuachia terabaiti 12.

Kasi isikuumize kichwa. Diski ya sahani (HDD) husoma kama megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde, kwa hiyo USB ya gigabiti 10 kwa sekunde (megabaiti 1,000 hivi) inazitosha zote nne.

Ambacho wengi hatuulizi dukani: umeme ukikatika ukarudi, boksi linajiwasha? Langu halijiwashi mpaka nibonyeze kitufe, na nikiwa safarini ndiyo basi tena. Feni nayo iwe kubwa, zile ndogo hupiga kelele usiku kucha.

Picha za familia ziwekee nakala kwenye diski nyingine, hata kwa shemeji. Mtoto akifuta folda, RAID haikusaidii kitu.