Ini huchuja pombe au huimeng'enya?

SWALI: Katika makala ya afya niliandika "ini huchuja pombe". Mhariri akafuta, akaweka "ini humeng'enya pombe". Nani amepatia? Na je, niandike kimeng'enya au enzaimu?

JIBU: Mhariri alikuwa na haki ya kukifuta kitenzi chako, ila chake nacho kina walakini.

Kuchuja ni kutenganisha. Ukichuja chai, majani hubaki majani na chai hubaki chai. Figo huchuja damu, na hapo kitenzi kimekaa mahali pake. Ini halitenganishi alkoholi na damu likaitupa pembeni. Huigeuza ikawa kitu kingine kabisa.

Kumeng'enya, kwa upande wake, ni kitenzi ambacho msomaji wa leo hukihusisha na chakula: meno, tumbo, utumbo. Alkoholi haihitaji mmeng'enyo. Molekuli yake ni ndogo, hivyo hupenya ukuta wa tumbo, na zaidi ule wa utumbo mwembamba, ikaingia kwenye damu kama ilivyo. Tumbo huibadili kiasi kidogo tu. Kazi kubwa iko kwenye ini. Ukiandika "humeng'enya pombe", msomaji ataangalia tumboni, mahali pasipo penyewe.

Wengine hukimbilia "huvunja". Hicho kina nafuu, lakini hebu tukitazame kwa karibu. Ndani ya seli za ini, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini) kiitwacho dihaidrojenesi ya alkoholi huinyang'anya ethanoli, yaani alkoholi iliyomo kwenye pombe, haidrojeni (jina lenyewe linasema hivyo), ikawa asetaldihaidi. Hii ni sumu. Ikirundikana, uso huiva na kichefuchefu huanza. Kimeng'enya cha pili, dihaidrojenesi ya aldihaidi, huigeuza sumu hiyo kuwa asetati, ambayo tishu nyingine za mwili huitumia mpaka ikaishia kuwa kaboni dayoksaidi na maji. Sasa hesabu kaboni: ethanoli ina atomi 2, asetaldihaidi 2, asetati 2. Katika hatua hizo mbili za kwanza uti wa molekuli haujavunjika popote. Kwa hiyo mimi ningeandika "ini huibadili alkoholi kuwa asetaldihaidi, kisha asetati". Kuvunja kiachie pale unapoisimulia safari nzima hadi kwenye maji.

Umeona pia kwamba nimesema alkoholi, si pombe. Pombe ni kinywaji kizima, pamoja na maji na vionjo vyake. Kimeng'enya hakijui bia wala mvinyo, kinajua ethanoli.

Na kwa kuwa unaandikia wasomaji wa afya, nakuazima kitenzi ambacho wengi wamekisahau: kulevuka, yaani kutokwa na ulevi. Kinatufaa sana hapa, maana kasi ya kulevuka hupangwa na vimeng'enya hivyo. Vikishaelemewa na kazi, kuongeza kinywaji hakuviharakishi. Kwa wastani alkoholi hupungua kwa takriban gramu 0.15 katika kila lita ya damu kwa saa. Kahawa humchangamsha mlevi, haimlevui.

Kimeng'enya au enzaimu? Yote mawili yanaeleweka. Napendelea kimeng'enya kwa sababu wingi wake (vimeng'enya) na upatanisho wake havina utata, wakati enzaimu huwafanya waandishi wayumbe kati ya "enzaimu hii" na "enzaimu hili" ndani ya aya moja. Ukichagua moja, baki nalo hadi mwisho wa makala. Na usiidondoshe ritifaa: ni ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma. "Kimengenya" ni kosa la tahajia, hata kama simu yako imelipitisha.